Vidude Tisa vya Liévin

Wazee wa ukoo walikuwa wamekata shauri siku mbili baada ya kuondoa matanga ya Liévin. Kila kitu kinachofanya kazi kibaki kwa mjane na mtoto wake. Kilichokufa akichukue Kasereka, kaka wa marehemu, akatoe vipuri. Na mashine ya nyumba ilikuwa imekufa. Taa haziwaki, pampu ya kisima haivuti, friji kimya. Kasereka angekuja na pikapu Jumamosi saa tisa ya mchana kung'oa yote: betri nne, paneli za jua, pampu, na kile kisanduku cheusi kilichokuwa akili ya nyumba.

Mbele ya wazee Dorcas, mjane mwenyewe, hakufungua kinywa. Mjane akisema siku kama zile, wanasema anatamani mali. Akabaki na hasira yake nzima, na Jumamosi hiyo saa nne asubuhi akaketi mbele ya kompyuta ya marehemu akiwa bado nayo.

Alimkasirikia Kasereka kwanza. Kisha alimkasirikia Liévin. Ni Liévin aliyetoa vibonyezo vyote vya ukutani, akaziba matundu kwa saruji, akawaambia wageni kwamba nyumba yake haihitaji vidole. Vidude vyenyewe vinavyowasha na kuzima, tisa, alivifungia ndani ya masanduku juu ya dari. Mtu akitaka taa, lazima kisanduku cheusi kiamuru. Kisanduku kikinyamaza, nyumba yote gizani. Halafu yeye akapata malaria ya kichwa, siku tatu, akaenda.

Kitu kimoja alikuwa amemweleza vizuri. Vidude havisemezani vyenyewe. Kila kimoja kinapeleka ujumbe wake mahali pamoja, ndani ya kisanduku cheusi, kwa njia iitwayo MQTT, na hapo kuna mpokeaji anayeugawa kwa wanaouhitaji. "Ni kama posta," alikuwa akisema. "Mwenye posta akikukataa mlangoni, barua yako haifiki, hata kama iko nzuri namna gani."

Basi Dorcas akaanza na umeme. Betri zilikuwa zimejaa. Akafungua ruta ya wifi: vidude tisa vyote vilikuwa humo, na namba zao zilikuwa zilezile zilizoandikwa katika daftari la Liévin. Akamtazama mwenye posta: yuko macho, anafanya kazi. Alishangaa, kisha mshangao ukageuka hasira. Kumbe hakuna kilichokufa. Wazee sita waliketi katika sebule yake, wakala kuku wake, wakatangaza kifo cha kitu kilicho hai.

Akafungua ukurasa ambamo mpokeaji huandika mambo ya kila siku. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza chake kiliishia darasa la sita la sekondari, lakini mstari ulikuwa mmoja, umerudiwa mara maelfu. Kidude kinabisha, kinajitambulisha kwa jina la lievin, kinakataliwa: hakina ruhusa. Baada ya sekunde kumi kinabisha tena. Vyote tisa vilibisha kwa jina hilo moja. Liévin alikuwa amevipa jina lake mwenyewe na neno lake la siri.

Akaenda kwenye orodha ya watumiaji wa nyumba, ileile inayofunguka pia kwenye tableti ya ukutani. Dorcas yupo. Gentille, binti yao, yupo. Liévin hayupo.

Mstari wa kwanza wa kukataliwa ulikuwa wa siku ya kuondoa matanga, saa kumi na dakika ishirini. Saa hiyo Dorcas alikuwa uani, akinyolewa nywele za ujane.

Mama mkwe wake, Hortense, alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Alihamia kwao kutoka Butembo miaka minne iliyopita.

"Mama," Dorcas alisema, "siku ya matanga nani alishika ile tableti ya ukutani?"

Hortense aliendelea kuchambua. "Kasereka."

"Alifanya nini?"

"Ni miye nilimutuma." Hortense aliweka ungo chini. "Kila asubuhi napita pale, ile kitu inaonyesha picha ya mutoto wangu, chini wameandika 'absent'. Absent wapi? Alienda ku soko? Nikamwambia Kasereka, futa jina ya mwenzako humo, anapumzika. Akafinya-finya, akafuta."

"Amefuta na ruhusa ya vidude vyote, mama. Njo maana hatuna maji."

"Siye tulijua wapi?" Hortense alisema polepole. "Nilitaka tu isimuite asiyekuwepo."

Dorcas alitaka kupiga kelele, lakini huwezi kumpigia kelele mama aliyezika mtoto. Alirudi kwenye kompyuta na kelele zake.

Akaliandika upya jina la lievin katika orodha. Lakini neno la siri? Vidude vilikuwa na lile la zamani, na kwenye kurasa zao lilionekana kama nukta tupu. Akajaribu siku ya ndoa yao. Imekataliwa. Siku ya kuzaliwa ya Gentille. Imekataliwa. Mtaa wa Butembo alikokulia, namba ya pikipiki yake, jina la mbwa. Daftari lilikuwa na urefu wa kila waya na rangi ya kila skrubu, neno hilo moja halimo.

"Ulidhani utaishi mpaka lini?" alimwuliza marehemu kwa sauti, na Hortense, ambaye alikuwa amekuja kusimama mlangoni, akainamisha kichwa.

Saa nane. Ilibaki njia moja: kufungua ukurasa wa kila kidude kwa namba yake na kuandika humo jina na neno jipya.

"Andika tena jina yake," Hortense alisema. "Niliharibu miye."

"Hapana, mama. Nikiandika upya, naandika langu."

Alilifuta lile alilorudisha. Akaandika dorcas kwenye ukurasa wa kidude cha kwanza. Taa ya sebule ikawaka mchana mweupe. Taa ya jikoni. Friji ikakohoa, ikaanza kuguruma. Alikuwa amemaliza vidude vinane pikapu iliposimama getini, na Kasereka akaingia na vijana wawili wenye spana.

"Shemeji, tuanzie juu ao na kisima?" aliuliza. Hata salamu hakutoa.

"Anzia kukaa."

"Saa ni tisa. Wazee walisema—"

"Wazee walisema kilichokufa. Weye ni fundi wa magari, si ndiyo? Mutu akitoa ufunguo, gari haiwaki. Unasema imekufa?"

Vijana walitazamana. Mmoja alificha cheko.

"Ufunguo gani?"

"Jina ya mudogo wako. Ulilifuta. Siku mbili baadaye ukasimama mbele ya wazee ukasema mashine imekufa. Hukuuliza hata mutu moja."

"Mama alinituma. Sikujua inabeba vitu vyote."

"Kutokujua nasamehe. Lakini ulikuja na spana."

Kasereka alitazama taa inayowaka. "Sawa, taa. Pampu je? Pampu si imekufa?"

Dorcas alifungua ukurasa wa kidude cha tisa. Akakosea, akafuta, akaandika tena. Akahifadhi. Kidude kilizimika, kikaanza kuwaka upya. Kisha ndani ya kisima kukasikika mvumo, bomba likapiga chafya ya hewa, na maji yakaanza kuanguka katika tangi tupu kwa kishindo.

"Basi betri moja," Kasereka alisema. "Ziko ine, shemeji. Gereji yangu haina mwanga."

"Hakuna."

"Una roho nguvu, huna huruma."

"Kesho misa ikiisha wazee watakuwa kwa Mumbere, kaka yenu mukubwa. Utasimama mbele yao useme ulichofanya. Usiposema, nitasema miye, na sitasema kidogo."

Kasereka alimtazama mama yake, akitafuta msaada. Hortense alikuwa ameshachukua ndoo.

"Ondoa ile gari," alimwambia mwanawe. "Imeziba njia ya kwenda ku bomba."