Askari Kumi na Wawili Waliobaki

Fundi saa alipopoteza nuru ya macho, aliacha mezani sanamu kumi na mbili za askari wa Kigiriki wa kale, kila moja urefu wa kidole gumba, hazijapakwa rangi. Ishirini nyingine zilikuwa tayari kabatini. Aliiahidi shule ya jirani jeshi zima. Sasa alishinda kitini amenuna, hataki hata redio.

Dada yake, mtia rangi nyuzi, akaja na brashi.

"Kaka, wewe sema, mimi nipake."

"Utanipambia askari kama maharusi."

"Basi nisimamie."

Alianza na kofia za shaba, akachagua kijani kama ile ya kwenye picha za makumbusho.

"Ile ni kutu ya karne nyingi," kaka akamwambia. "Wenyewe walipokuwa hai, shaba yao iling'aa."

Wakafanya kazi siku nne: kanzu za rangi ya sufu yenyewe, nyingine nyekundu itokayo kwenye mizizi, nyingine manjano. Dada alipotaja zambarau, kaka alikataa katakata.

"Ile ilitoka kwa konokono wa baharini, maelfu kwa nguo moja. Huyo ni mkulima aliyeshika mkuki."

Wakafika kwa askari wa mwisho.

"Joho lake jeusi tititi."

Dada akaweka brashi chini. "Hapo sikubali. Sufu haishiki weusi huo kirahisi. Na mtu analala nje miezi, jua linamla. Mabegani lingekuwa la hudhurungi."

Vitabu vyote alivyosoma kaka havikumwambia habari za mabega. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu apofuke.

"Kumbe nina mtaalamu nyumbani miaka hamsini, namtuma chai."

"Na chai yenyewe hujawahi kuishukuru."

Kicheko kilipoisha, akauliza taratibu, "Kabatini nimepaka majoho meusi mangapi?"

"Saba. Lakini hayo uliyapaka ukiwa unaona, kaka. Niyaache."

"Watoto wataamini watakachoonyeshwa. Yatengeneze."

Dada akayapaka upya mabega saba, mkono mzito kuliko siku zote.

Shuleni, mwalimu wa historia aliuliza nani kapaka rangi.

"Mimi na dada," fundi akajibu. Halafu akauliza kama shule ingependa na wapanda farasi.