Mtihani wa Kichwa wa Gunnvor

Kila mwezi wa nane, ligi ya mpira wa mikono ikikaribia kuanza, wasichana wa Hellevik, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Ulaya, waliketishwa mbele ya kompyuta wakafanya mtihani wa kichwa. Maneno yanapita kwenye kioo, uyakumbuke. Taa nyekundu inawaka, ubonyeze upesi. Daktari wa klabu anayaweka majibu, ili mchezaji akigongwa kichwani katikati ya msimu apewe mtihani ule ule, ionekane kama akili imeyumba. Mpango ulikuwa mzuri, lakini wachezaji nao walikuwa na mpango wao.

"Punguza mwendo, wewe," Gunnvor Rekdal alimnong'oneza Tiril, kipa wa akiba aliyeketi kando yake. "Unabonyeza kama umeingiliwa na nyuki."

"Si ndiyo mtihani wenyewe, dada?"

"Ukiwa hodari leo, siku ukigongwa utaonekana umeharibika, ukae benchi hadi theluji iyeyuke. Kuwa mjinga kidogo. Mimi hainipi tabu, nilizaliwa hivi."

Tiril akaziba mdomo asicheke. Gunnvor akaiacha taa nyekundu iwake, akavuta pumzi, ndipo akabonyeza. Naye alifundishwa hivyo na kipa aliyemtangulia, na katika timu ile hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Waliona ni sehemu ya kazi, kama kupaka gundi vidoleni ili mpira usiteleze.

Kipa wa mchezo huu huishi kwa kupigwa. Gunnvor alianza kupigwa akiwa mtoto, katika ukumbi wa pale pale Hellevik, huku mama yake Borghild akichoma vikeki vya kubanwa kati ya vyuma vya moto katika kibanda cha vitafunio na kuviwekea jibini la kahawia, zamu ya bure ambayo kila mzazi wa kwao huishika bila kuombwa. Baadaye timu ya taifa ikamchukua. Akapata dhahabu ya Ulaya, ya dunia, kisha ya Olimpiki. Siku za fainali hizo kiwanda cha samaki kilizima mashine ili watu wakamtazame. Kitu kimoja tu alikikosa: kombe la nchi akiwa na klabu ya nyumbani. Hilo ndilo lililomrudisha, magoti yote mawili yakiwa yamepasuliwa na kushonwa. Alichukue, kisha apumzike. Na mwaka huo Hellevik waliingia fainali, ya kuchezwa siku zile za baada ya Krismasi.

Mwezi wa kumi na moja ukiwa unaisha, katika mechi ya ligi, winga wa timu ngeni aliruka akaachia mpira kwa karibu mno. Ukamkuta Gunnvor kwenye panja. Akaanguka, akainuka, akamwambia yule winga, "Nguvu zako zote ndizo hizo, mama?" Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheza hadi mwisho.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya kungojea Krismasi. Borghild aliwasha mshumaa, akafumba macho, akaomba. Kile kimwali kidogo kikamwingia Gunnvor jichoni kama sindano. Akageuzia uso ukutani.

"Shangazi Petra, nimiminie kahawa," akasema.

Borghild akaitua birika. "Petra tumemzika zamani, mwanangu. Shada la maua ulilibeba wewe."

"Ulimi tu, mama. Sikulala vizuri."

"Mwambie daktari."

"Akiniuliza nitamjibu."

"Sikusema akikuuliza. Nimesema umwambie."

Daktari Sunniva Lien alimpa mtihani siku iliyofuata. Safari hii Gunnvor hakuigiza. Alikaza macho hadi yakatoka machozi. Maneno aliyashika, yakamponyoka; akayashika tena. Taa ikiwaka alibonyeza kwa nguvu zake zote, kama vile anazuia mpira.

Daktari akasoma majibu, akatabasamu. "Sawasawa na mwezi wa nane. Una kichwa cha jabali, bibi."

Gunnvor akatabasamu pia. Mwezi wa nane alikuwa akijifanya mjinga. Leo alipigana, akafika pale pale. Ule ujinga aliouigiza sasa ulikuwa wake.

"Kichwa kinauma?" daktari akauliza. "Mwanga unakusumbua?"

Hapo neno moja lingetosha. Daktari alikuwa amegeuza kiti kumwelekea, wala hakuwa na haraka. Lakini akikiri la leo, itabidi akiri na la mwezi wa nane, lake na la wenzake wote. Na fainali itachezwa yeye akiwa kitandani.

"Hapana, daktari. Sijambo kabisa."

Mazoezini hakudaka kama zamani. Mpira aliuona miwili, kwa hiyo akajifunza kutoutazama, akatazama bega la mrushaji. Bega lilikuwa moja. Wengine hawakugundua. Tiril, aliyezoea kumwiga kila kitu, aligundua. Akamfuata stoo, akafunga mlango.

"Dada, ule mtihani wa baada ya kugongwa. Ulifanya kweli au uliigiza?"

"Niliigiza."

"Niangalie usoni useme."

Gunnvor akamwangalia. "We mtoto, unalitaka goli langu? Sema tu, usizunguke."

Tiril akawa mwekundu hadi masikioni. Akafungua mlango akatoka. Gunnvor alijua amempiga mahali pasipo na jibu: kipa wa akiba akimsema kipa mkubwa, nani ataamini kwamba ni kwa huruma? Alisimama katikati ya magodoro ya mazoezi, akaona aibu. Hata hivyo hakumwita arudi.

Fainali ilichezwa katika jiji kuu. Hellevik walihama karibu wote. Borghild alikaa safu za mbele na chupa yake ya kahawa, hashangilii, midomo ikicheza kwa sala. Taa za ukumbi zilimchoma Gunnvor tangu mwanzo. Alidaka kwa mazoea, mikono ikijua njia ambayo kichwa kimeipoteza. Hellevik wakaongoza kwa bao moja, muda ukaisha, na filimbi ya mwisho ikawapa wapinzani penalti ya mita saba.

Gunnvor hakukaa golini. Alitoka mbele, mikono juu, mguu hewani, akawa mkubwa kadiri alivyoweza. Aliliona bega. Mpira ulimpiga katikati ya paji la uso, ukaruka juu ya mwamba wa goli.

Halafu alikuwa ameketi kwenye benchi, chumba cha kubadilishia nguo. Wenzake walikuwa wamemzunguka, nywele zao zimelowa jasho. Baadhi walilia. Alishangaa kidogo. Wamelowa vipi na wala hawajapasha misuli?

Tiril alikuwa akimfokea daktari. "Alidanganya! Mwezi wa nane alidanganya, na mimi nilidanganya, na hawa wote. Tunabonyeza polepole makusudi. Hiyo karatasi yako haina maana, inakuambia uongo wetu sisi!"

Daktari Lien alipiga magoti mbele ya Gunnvor. Alikuwa amepauka. "Gunnvor. Ni kweli?"

Gunnvor alilitafuta swali, halikuwepo tena. Mlangoni aliona mwanamke mwenye chupa ya kahawa, uso wake anaujua, jina linakataa. Yule mwanamke alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

Maskini, wanaogopa, Gunnvor akawaza. Fainali si mchezo, na hawa wengine ni watoto. Mkubwa hapa ni yeye, na kazi ya mkubwa ni kuwatia moyo wenzake kabla hawajaingia uwanjani.

"Msilie, wadogo zangu," akasema, ulimi ukiwa mzito. "Hawa tutawafunga. Mtakuja kuniambia."

Medali ya ushindi ilining'inia shingoni mwake, imegeukia nyuma. Akamnyooshea daktari vidole vyake, avifunge plasta kama kabla ya kila mechi.