Akina Baya Gona na Mwezi wa Agosti

Katika miaka yote aliyoshika chaki, Mwalimu Baya Gona hakupata kuona mtoto aliyelala na miaka kumi na mitatu akaamka na kumi na minne, bila ya siku yake ya kuzaliwa kuwadia. Jambo hilo lilitukia Gede, kwa amri ya kamati ya mpira, na aliyeamka hivyo alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

Mjukuu naye aliitwa Baya Gona. Kwa Wagiriama hilo si la kushangaza: mtu humpa mwanawe jina la babaye, na majina yakawa yanapokezana vizazi kwa vizazi kama zamu za ulinzi. Baya alimzaa Gona, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni. Gona alimzaa Baya, akamwacha alelewe na wazee. Babu na mjukuu waliitana "somo", kama waitanavyo watu wa jina moja, na Bi Kabibi, mke wa Mwalimu, alimwita mtoto "mume wangu mdogo" na kumpakulia chakula kabla ya yule mkubwa.

Mtoto alikuwa kiungo wa timu ya Chipukizi wa Gede, mwembamba, mwenye macho ya kuona pasi kabla ya wenzake. Mwalimu hakukosa mechi hata moja. Alisimama karibu na bendera ya kona, koti limefungwa vifungo vyote juani, mwavuli mkononi, wala hakupiga kelele. Alitikisa kichwa tu mchezaji alipofanya upumbavu, na watoto wa Gede walikiogopa kichwa kile kuliko filimbi ya mwamuzi.

Kati ya Kilifi na Malindi palikuwa na ligi mbili za watoto, na kila moja ilijinadi kuwa ndiyo ya vijana bora. Ligi ya Wateule ilitangulia. Nani aliyewateua, na kwa kipimo gani, Mwalimu aliuliza mara moja tu na hakujibiwa. Kisha ikazuka Ligi ya Vito, yenye fulana zinazometameta na mwenyekiti ambaye hakuvua miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Ligi ya Vito ilitangaza kwamba itahesabu umri wa watoto kuanzia Agosti, kwa sababu huko Ulaya ndivyo wanavyohesabu. Huko Ulaya mwaka wa shule huanza kiangazi chao kikiisha. Hapa huanza Januari, na hilo halihitaji kamati kulijua. Lakini timu tatu zikawahama Wateule na kwenda kwa Vito, na kamati ya Wateule, badala ya kucheka, ikaingiwa na hofu. Ikafanya kikao hotelini, ikala samaki, ikatoka na Agosti yake.

Maana ya Agosti ilikuwa hii. Hapo awali, watoto wote waliozaliwa mwaka mmoja walicheza pamoja, Januari hadi Desemba. Sasa aliyezaliwa kabla ya Agosti alisukumwa juu, akacheze na wakubwa. Aliyezaliwa baadaye alibaki. Baya mdogo alizaliwa Machi. Akatolewa kikundi cha kumi na mitatu, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya fainali.

Jioni moja kocha Cliff alifika nyumbani. Alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyeipenda timu ile kwa dhati, na Mwalimu hakumchukia. Alimwona tu kuwa mtu aliyesoma nusu ya kila kitabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Chai inachemka."

Cliff alikaa ukingoni mwa kiti. "Mwalimu, Agosti imeninyang'anya nusu ya timu. Na kuna mwalimu wa michezo wa shule ya bweni anakuja kutazama fainali. Anachukua vijana wawili, karo bure. Ameshamwona Baya mara moja, akaniuliza jina lake."

"Basi atamwona akicheza na kumi na minne."

"Hao wa kumi na minne hatawatazama. Na huko, Mwalimu, kuna mabeki wana ndevu."

"Wana miaka kumi na minne, na ndevu?"

"Ndiyo hesabu ya Agosti."

Mwalimu hakucheka. Cliff akavuta pumzi, akalitoa lililomleta. "Baya alizaliwa hapa nyumbani, sivyo? Cheti kilichukuliwa baadaye, kwa neno lako. Ukienda kwa chifu ukasema ulikosea, kwamba ilikuwa Septemba, nani atauliza? Wazee wengine wamekwenda. Wamekumbuka upya."

"Wamekumbuka upya," Mwalimu akarudia, kama mtu aliyeonja maziwa akayashuku.

"Ni miezi sita tu."

"Ningemshika mwanafunzi akiiba vitabu sita, ungeniambia ni sita tu?"

Cliff akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Kwa heshima, Mwalimu. Hata wewe kitambulisho chako kinasema tarehe mosi Januari. Si uliandikiwa tu?"

Hilo lilikuwa kweli. Alipopelekwa shule Rabai, hapakuwa na mtu aliyejua siku yake. Yeye na wenzake walipangwa mstari, wakaambiwa wapitishe mkono juu ya kichwa na kulishika sikio la upande wa pili. Wake ulifika. Karani akamwandikia miaka saba na siku ya kwanza ya mwaka, kama alivyowaandikia wote waliofikia masikio yao, na hivyo wakawa kundi zima la watoto waliozaliwa siku moja na mama mbalimbali.

"Mimi nilikadiriwa na mtu asiyejua," alisema. "Wewe wataka aseme uongo mtu anayejua. Kunywa chai yako kabla haijapoa."

Mtoto alikuwa jikoni na aliyasikia yote. Alipopita kwenda kulala alisimama mlangoni. "Usiku mwema, Babu," alisema.

Hakusema somo. Mwalimu alibaki na gazeti mikononi, macho yake yamekwama kwenye mstari mmoja.

"Umefurahi?" Bi Kabibi aliuliza.

"Nimefanya ipasavyo."

"Sikukuuliza hilo. Mtoto huyu nilimpokea mimi, kwa mikono hii. Nikisema ilikuwa Septemba, nani atanibishia? Wewe ulikuwa shuleni, ukichapa watoto wa wenzio."

"Nitakubishia mimi."

"Basi uchukue huo unyoofu wako ukamlipie karo."

"Kabibi, ukimsemea uongo Baya Gona, umenisemea mimi. Jina hilo nimelivaa zaidi ya miaka sabini, nikampa mtoto likiwa safi. Sina jingine la kumpa."

Bi Kabibi alinyamaza. Mtu aliyekaa na mke miaka mingi kama ile angepaswa kujua kwamba Kabibi akinyamaza si kwamba ameshindwa.

Jumamosi ya fainali walikwenda Malindi. Cliff alikuwa amesema kwamba mtoto atacheza na wakubwa, baada ya fainali ya wadogo, na Mwalimu aliridhika na hilo. Uwanjani paliwekwa hema, na ndani ya hema makochi mekundu kwa ajili ya kamati. Watoto, ambao ndio waliodaiwa kuwa wateule, walipangwa juani. Mwenyekiti wa Wateule, Bwana Pola, alikuwa mtu wa hapa hapa aliyewahi kuuza viatu vya mitumba. Sasa aliuza ndoto, na kwa bei ya juu zaidi. Mstari wa mbele alikaa mwalimu wa michezo wa shule ile ya bweni, kofia magotini.

Kabla ya mchezo palifanyika uhakiki wa umri. Katibu wa ligi, binti aliyeitwa Abigael, alisoma kwenye kipaza sauti jina la kila mtoto na tarehe aliyozaliwa, na mtoto akaitika. Ilikuwa ajabu kusikiliza. Septemba. Septemba. Oktoba. Septemba. Ungedhani pwani nzima haikuzaa mwaka ule mpaka kiangazi kilipokwisha Ulaya. Kijana mmoja mwenye kivuli cha masharubu aliposomewa Novemba yake aliitika kwa sauti nzito hata mtoto mchanga mgongoni mwa mamaye akaanza kulia.

"Baya Gona," alisoma Abigael.

Mwalimu akageuka. Mjukuu wake alikuwa katika mstari wa kumi na mitatu, jezi imechomekwa.

"Mzaliwa wa tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na..." Binti akasita. Akaitazama simu yake upya.

Kicheko kikaanzia hemani kikaenea uwanja mzima.

"Mpeni jezi mzee!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Huyo acheze beki, na fimbo yake," mwingine akadakia.

Bi Kabibi, kando ya mumewe, alikuwa akiisokota ncha ya leso yake. "Nilimpa Cliff kitambulisho chako akipige picha," alinong'ona. "Ilikuwa uandikwe mdhamini wa mtoto tu. Tarehe yake, ile Septemba, wangeiandika wao."

Sasa ilieleweka. Abigael, aliyetoka mbali na asiyejua jinsi Wagiriama wanavyopokezana majina, aliona Baya Gona huku na Baya Gona kule, akaamini ni mtu mmoja, akanakili tarehe iliyokuwa mbele yake. Miongoni mwa tarehe zote zilizosomwa asubuhi ile, hiyo pekee haikuwa imetungwa kwa ajili ya mpira.

Mwalimu akaufunga mwavuli wake, akakata uwanja hadi mbele ya hema. Kicheko kikapungua kadiri alivyosogea.

"Mwaka uliousoma ni wangu, binti yangu," alisema. "Na jina ni langu. Sijui kwa hesabu ya Agosti mtanichezesha kikundi gani."

Abigael alijiinamia kwa haya. Bwana Pola alikifunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini si vizuri.

"Mwalimu, mgeni wa heshima yuko njiani. Tusilifanye kubwa. Kocha ameshatueleza ni Septemba. Wewe sema tu hilo neno, dada arekebishe, watoto wacheze."

Uwanja wote ulimtazama. Mwalimu wa bweni aliinua kofia yake magotini, akangoja. Mjukuu alikuwa ameinama akitazama viatu vyake, shingo yake nyembamba imetoka kwenye kola ya jezi, na mzee akahisi kitu ambacho hakukitarajia: lile neno lilikuwa limeshafika kinywani mwake. Lilikuwa jepesi. Lingempa mtoto shule, na nyumbani angeitwa somo tena kabla ya jua kutua. Alilishikilia neno lile nyuma ya meno, akalichukia, na akajichukia kidogo kwa kuwa alichelewa kulimeza.

"Aliyezaliwa ana kinywa," alisema mwishowe. "Mwulizeni mwenyewe."

Abigael akamsogezea mtoto kipaza sauti. Cliff, nyuma ya mstari, alichezesha midomo bila sauti: Septemba. Mtoto alimwona. Akamtazama bibi yake, kisha mwavuli wa babu yake, ule uliosimama kwenye kona ya kila uwanja aliowahi kuchezea.

"Machi," alisema. "Tarehe tisa. Na huyu ni somo yangu. Msituchanganye."

Wakamtoa. Fainali ikachezwa na akina Septemba, wakashinda, wakavishwa nishani na mgeni wa heshima aliyefika kipindi cha pili. Shule ya bweni ilichukua wawili wao, mmojawapo akiwa yule wa masharubu.

Mechi ya wakubwa ilipoanza, hema lilikuwa tupu. Kamati na wageni walikuwa kwenye pilau. Baya mdogo aliingizwa mwishoni. Beki mmoja alimwangusha, akainuka. Mwingine akamwangusha, akainuka akichechemea. Kisha akapata mpira katikati ya watu wawili waliostahili kuwa na wake na watoto, akaupenyeza mahali ambapo hapakuwa na nafasi, na mwenzake akafunga. Hakuna mtu wa maana aliyeona. Kwenye bendera ya kona kichwa cha Mwalimu kilitikisika, na kwa mara ya kwanza watoto wa Gede walikiona kikienda juu na chini.

Bi Kabibi alikirudisha kitambulisho usiku ule ule, akakiweka kando ya sahani. Kocha Cliff alikuja kuomba radhi siku ya tatu, akapewa chai.

Kabla ya mwezi kwisha, Ligi ya Vito ilitangaza kuwa inarudi kuhesabu umri kuanzia Januari, kwa kuwa mfadhili wake mkuu alikuwa amegundua kwamba mwanawe mwenyewe alizaliwa Februari. Wateule wakaogopa kuachwa nyuma. Wakaenda hotelini, wakala samaki, wakaipata Januari yao mahali walipoiacha.

Mtoto alizileta habari hizo jioni, akaegemea nguzo ya baraza.

"Somo, leo nimerudishiwa miaka kumi na mitatu."

"Hongera," Mwalimu alisema, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Unajisikiaje?"

"Goti bado linauma."

"Goti halihudhurii vikao," alisema mzee, akamsogezea kiti.