Tambara la Grisi

Tangu asubuhi ile maji yalipoingia chumbani, kila Wobbe alipobadilisha suruali alihamisha na tambara. Kulitupa mferejini hakuthubutu, na kulirudisha mahali pake ndiyo kabisa. Lilikuwa kipande tu cha shati jekundu la marehemu baba mkwe wake, kilicholowa grisi miaka nenda miaka rudi. Lakini kipande hicho ndicho kilichokuwa kinamtoa mkewe Hiske kwenye tishari alimozaliwa. Wobbe alijua hivyo, na alinyamaza.

Tishari lenyewe, chombo kirefu cha chuma cha kubebea mizigo, liliitwa Jonge Hiske, yaani Hiske Mdogo. Babu yake Hiske alilinunua likiwa jipya, akalibebesha viazi na samadi kwenye mifereji yote ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na mjukuu alipozaliwa humo ndani, nyuma kabisa kwenye tezi, wazazi hawakuona haja ya kuumiza kichwa kutafuta jina jingine. Mizigo ilipohamia kwenye malori, Hiske na mumewe waligeuza ghala kuwa sebule, wakatia jiko la kuni, mapazia na maua ya dirishani, wakakaa. Wobbe alikuwa mwokaji mikate, mtoto wa nchi kavu. Alipooa alijua anaoa wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma, na huyo wa chuma ndiye mwenye makuu.

Maana tishari kuukuu halina likizo. Ukimaliza kukwangua kutu upande wa kulia, wa kushoto umeshaanza kubanduka. Chini lataka lami, juu lataka rangi, mabomba yanaganda baridi ikizidi, na paa linavuja palepale ulipoziba mwaka jana. Kila baada ya miaka kadhaa chombo kizima kinavutwa nchi kavu, chelezoni, fundi akazunguka chini yake anagonga tumbo kwa nyundo, asikie chuma kimebaki kiasi gani. Wobbe aliyalalamikia yote hayo kwa sauti, na aliyapenda yote. Alipenda bata walivyodonoa majani ya maji ubavuni asubuhi, ko ko ko, kama wageni wenye adabu. Alipenda mwanga wa maji ukicheza darini. Alipenda kwamba ukikosana na jirani unafungua kamba unahama. Ila magoti yalikuwa yamechoka. Ngazi ya kushukia ndani ilikuwa nyembamba na wima, na kwa muda sasa alikuwa akiota, kimyakimya, nyumba yenye lifti na bafu la kujilaza.

Sasa, habari ya tambara. Mashine ya tishari iko nyuma, na chuma kinachozungusha propela hutokea nje kwenye tundu la ukuta. Kinachozuia maji tunduni ni grisi. Juu yake kuna kikopo chenye mkono: ukizima mashine unazungusha mkono mpaka ugome, grisi inashuka, na maji yanabaki nje yalipo. Usipozungusha, yanaingia taratibu kama bomba lisilofungwa vizuri. Baba yake Hiske aliweka sheria. Anayewasha mashine anafungua tambara jekundu kwenye mkono wa kikopo, anatia mfukoni. Halitoki mfukoni mpaka mashine imezimwa na grisi imezungushwa, ndipo linafungwa tena. Ukiliona mahali pake, nenda ukalale.

Kikopo kilikuwa cha Hiske. Wobbe hakukatazwa kukigusa, ila alijulikana kwa kusahau.

Jumamosi yenyewe, Hiske aliendesha tishari hadi gatini kujaza maji ya kunywa, wakarudi, akazungusha grisi, akafunga tambara, akaenda kwa dada yake Sietske kwenye kahawa ya siku ya kuzaliwa. Wobbe alibaki anapaka rangi fremu za madirisha. Watalii wawili wa baiskeli wakasimama ukingoni, wakamuuliza kama mashine ya zamani hivyo bado inafanya kazi.

"Inafanya kazi?" Wobbe alisema, kama aliyetukanwa. Akaingia ndani akatoka amevaa kofia ya unahodha, ile ambayo Hiske alimkanya asiivae mbele za watu. Akafungua tambara, akawasha, akatia gia. Propela ikatimua tope, tishari likavuta kamba zake, watalii wakapiga picha. Hakuna aliyewahi kumpiga picha Wobbe akitoa mkate kwenye tanuri. Akazima, akawakaribisha kahawa na biskuti moja moja, akawasimulia maisha ya majini, machache yake na mengi ya baba mkwe wake. Walipoondoka alikuwa amevimba kichwa kwa sifa, na kichwani humo kikopo cha grisi hakikupata nafasi.

Asubuhi Hiske aliteremsha miguu kitandani, maji yakamfika vifundoni. Pampu ya kutoa maji ilikuwa imejitahidi mpaka betri ikafa.

"Wobbe! Amka, tumeanza kuogelea!"

Alipovaa suruali ya jana na kumfuata, mkewe alikuwa ameshapiga magoti kwenye maji ya chumba cha mashine, gauni la kulalia limelowa, anazungusha mkono wa kikopo kwa nguvu zake zote. Alipoinuka uso ulikuwa mweupe.

"Tambara halipo."

"Halipo?"

"Sikuzungusha. Ee Mungu wangu, nimesahau kuzungusha." Alijipekua mifuko ya aproni iliyoning'inia ukutani, akaigeuza ndani nje. "Tena nimelipoteza. Lakini nauona mkono wangu, Wobbe, nauona unafunga fundo. Au ni fundo la safari ile nyingine? Siku zinaniingiliana."

Mkono wa Wobbe ulikuwa mfukoni, na vidole vimegusa grisi. Aliapa baadaye, mbele ya kioo cha kunyolea, kwamba nia ilikuwa kusema. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Yanatokea, Mama," alimwambia. "Umri huo."

Walikuwa wakiitana Mama na Baba tangu binti yao Anke azaliwe. Anke alikuwa muuguzi, na alikuja siku hiyohiyo na buti za mpira na uso wa kazini.

"Mwezi uliopita uliunguza supu ya njegere, Mama. Ukaniita kwa jina la Sietske. Leo maji. Kesho itakuwa gesi."

"Supu kila mtu anaunguza."

"Na kikopo? Kikopo umewahi kukisahau?"

Hiske alimwomba msamaha kwa ajili ya zulia. Anke akataja nyumba mjini, ghorofa ya tatu, yenye lifti, bafu kubwa na kengele ya kuita msaada. Wobbe alijiandaa kwa vita, maana mkewe akikataa jambo haambiliki hasemezeki. Hiske alitazama zulia lililolowa, akasema, "Sawa."

Na hili ndilo lililomsuta Wobbe kuliko yote: alifurahi. Ilikuwa furaha ya kitambo tu, lakini aliihisi vizuri, kuanzia kwenye magoti. Kisha akajikosha. Hiske angezeeka tu, ngazi ingekuja kumvunja mtu, barafu ya sitahani haina huruma, ni kwa faida yake. Alijisemea hayo kila siku alipokuwa akifunga vyombo kwenye maboksi, na kila siku yalimridhisha kidogo kuliko jana.

Kwa sababu Hiske alianza kuzeeka kweli, mbele ya macho yake. Aliuliza mara mbili kama jiko limezimwa, kisha akaenda kulitazama. Dukani alimkabidhi mwenye duka pochi yake ahesabu mwenyewe. Asubuhi alilala amefumba macho, midomo inacheza, kama anayesali, na Wobbe alimwacha asali. Usukani hakuugusa tena, yeye aliyeushika tangu akiwa mtoto wa kusimama juu ya kasha la viazi.

Kabla ya kuuzwa ilibidi tishari lipelekwe chelezoni likagongwe. Siku ya safari Hiske alisimama mlangoni pa chumba cha usukani, mikono ndani ya aproni.

"Endesha wewe."

"Mimi? Mama, mimi nilioka mikate."

"Wewe angalau unakumbuka umeoka nini."

Basi akaendesha. Sehemu iliyonyooka alimudu. Kisha likaja daraja la Durk, na upepo ukaanza kusukuma kutoka ubavuni. Durk, mlinzi wa daraja, alikuwa ameshalinyanyua, naye amesimama ukingoni na fimbo yake ya kuvulia samaki, kiatu cha mti kikining'inia kwenye kamba kusubiri sarafu ya ushuru. Tishari lilianza kwenda upande, kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini.

"Mwokaji!" Durk alipaza sauti. "Daraja liko huku! Huko unakokwenda ni kwa bibi yangu!"

Wobbe aliusukuma usukani, akausukuma zaidi, tezi ikazidi kupotea. Nguzo za matofali zilikuwa zinakua.

"Shika, Mama. Shika, nakuomba."

"Sishiki." Alizamisha mikono zaidi ndani ya aproni. "Nitasahau pa kugeuzia. Nitaliua. Shika mwenyewe."

Wobbe alimtazama. Mwanamke huyu aliwahi kupita hapa kwenye ukungu, mtoto mgongoni, anakula tufaha. Akatia mkono mfukoni, akalitoa tambara, akaliweka juu ya ubao mbele yake.

"Hukusahau," alisema. "Ulizungusha, ukafunga. Nililifungua mimi ulipokuwa kwa Sietske. Niliwasha mashine, kuwaonyesha watalii. Aliyesahau ni mimi."

Hiske alilitazama tambara. Alimsukuma mumewe kwa nyonga kama mtu anayesogeza kiti, akashika usukani, akarudisha mashine nyuma kwa nguvu mpaka vikombe vikalia kabatini, akangoja, akangoja tena wakati Wobbe anaona wamekwisha, kisha akatia mbele. Jonge Hiske likanyooka, likapita katikati ya nguzo bila kuchubua hata rangi. Hiske akatoa mkono dirishani, akatumbukiza sarafu ndani ya kiatu.

"Sasa huyo ndiye nahodha!" Durk alisema.

Daraja likabaki nyuma, Hiske akapunguza mwendo wa mashine.

"Ulivaa kofia?" Hiske aliuliza.

"Nilivaa."

Alitikisa kichwa. Baadaye, macho yakiwa kwenye maji, alisema, "Kila asubuhi kabla sijafungua macho najiuliza jina la mama yangu. Kisha la Anke. Kisha lako. Nikiyapata yote ndipo naamka. Na wewe uko ubavuni kwangu, unalo tambara."

Wobbe aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angependa mkewe amtukane, amwite punguani wa unga kama zamani. Alitafuta la kusema, akapata ukweli tu, tena mdogo.

"Nilitaka lifti."

"Ungesema unataka lifti."

Walifunga kamba kwenye ua wa mafundi kungoja zamu yao ya kesho. Hiske alichukua simu, akampigia Anke. "Sihami," alisema. "Sababu atakupa baba yako." Akamkabidhi mumewe simu, akaketi mbele yake kusikiliza. Wobbe alieleza kila kitu, pamoja na kofia. Upande wa pili binti yake aliuliza swali moja tu, kama baba alikuwa anasikia siku ile ya maji mama alipokuwa akiomba msamaha kwa ajili ya zulia. Wobbe alisema ndiyo, alikuwa anasikia.

"Nyumba ile ipo," Hiske alisema simu ilipokatika. "Ukitaka kwenda na magoti yako, nenda. Mimi kesho wakigonga nataka kusikia, nijue chuma hiki na mimi nani atatangulia."

"Siendi."

"Basi nenda kazungushe grisi."

Alishuka nyuma, akazungusha mkono mpaka ukagoma, akaongeza na robo. Akafunga tambara, mafundo mawili, akalivuta kulijaribu. Akapanda tena, goti moja kwa wakati, akaketi mezani. Hiske alimmiminia kahawa, akasukuma mkebe wa biskuti upande wake, naye akachukua moja. Kisha Hiske akainuka, akashika ngazi ya nyuma, akashuka.

Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumfuata mtu nyuma kukagua. Wobbe alipokosea alimkaripia, akacheka, akamwachia kazi. Wobbe alikaa na biskuti mkononi, akasikia viatu vya mkewe juu ya mbao, kisha mkono wa kikopo ukijaribiwa, ukigoma. Hiske akapanda, akaketi, akamaliza kahawa yake.

Kesho yake jioni, tishari liliporudi majini na Wobbe kuzungusha grisi, Hiske alishuka tena kukagua.