Koti la Jumamosi

Mjukuu wangu alikuwa akija kila Jumamosi na koti lake jeupe la maabara nimfulie. Kazini kwao kuna mashine ya kufulia, hilo nilikuwa nalijua, ila yeye hakuitaja na mimi sikumuuliza. Babu yake amefariki, mama yake alihamia mbali kikazi, na Jumamosi ndiyo siku pekee niliyobaki nayo ya kusikia mtu akivua viatu mlangoni. Nilifua polepole, kwa ile sabuni ya unga ya kung'arisha nguo nyeupe, mikono ya koti nikiisugua mara mbili. Naye alikaa mpaka likauke.

Siku moja akisubiri, alinieleza kazi yake.

"Seli ina vipokezi kwenye ngozi yake, Bibi. Dawa ikifika, inatakiwa ishike kwenye kipokezi chake. Isiposhika, inapita tu kama mgeni aliyekosa nyumba."

"Na utajuaje imeshika? Si kitu kidogo hivyo hata na miwani yangu hakionekani?"

"Tunaitia rangi inayowaka ikimulikwa. Tunaiweka kwenye seli, halafu tunasuuza. Isiyoshika inatoka na maji. Iliyoshika, ukiimulika kwa taa ya zambarau, inatoa mwanga wa buluu. Mashine inausoma ule mwanga inatupa namba."

"Kumbe na wewe ni dobi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nimerithi."

Mwezi huo dawa yake iliwaka. Alinipigia simu katikati ya wiki, namba ziko juu, mkuu wake amemwambia aandike ripoti. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeota jino.

Jumamosi iliyofuata alikuja mikono mitupu. "Siku hizi tunafuliwa hukohuko," alisema. Alikunywa chai, akatazama saa mara tatu, akaondoka. Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu alipiga simu kwamba kazi zimembana.

Nilikuwa nimebaki na koti lake la akiba. Nililifua, nikalipiga pasi, na Jumatatu nikalipeleka mwenyewe kazini kwake. Mapokezi nilimkuta fundi wa mashine zao, mtu mzima mnene mwenye bisibisi mfukoni mwa shati. Aliniamkia vizuri, akanivutia kiti. Kisha akaona nilichobeba. Alitafuta mfuko wa plastiki, akalitia koti ndani, akaufunga mafundo mawili kama aliyenunua samaki.

"Lina nini, mwanangu?"

"Halina kitu, Bibi. Ni safi mno."

Akakuna kichwa.

"Sabuni za kufulia nguo nyeupe zina dawa ya kung'arisha. Kwenye taa yetu inawaka buluu, sawasawa na rangi yetu. Nyuzi za mkono wa koti zilikuwa zinadondoka kwenye visahani vya seli. Mpaka vishimo vya visahani ambavyo hatukutia dawa yoyote vikawaka. Tukahangaika wiki nzima, mimi nimefungua mashine mpaka matumbo yake. Mwisho nikazima taa nikammulika mjukuu wako, akawaka kama mbalamwezi. Nikamwambia, kumbe sampuli ni wewe."

"Akasemaje?"

"Alimwambia mkuu kwamba amelifua mwenyewe. Mbele yetu wote." Fundi aliteremsha sauti. "Kola iliyopigwa pasi vile, Bibi, sote tulijua si yeye. Hakuna aliyesema."

Mjukuu wangu alitoka, akaona mfuko, akaniona mimi. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Na ripoti?" nilimuuliza.

"Nimeiondoa. Naanza upya. Mashine nimepewa Jumamosi, siku nyingine ina watu."

"Nitabadilisha sabuni."

"Koti halitoki nje tena, Bibi. Wameandika mlangoni."

"Mpaka lini hizo Jumamosi?"

"Mpaka nijue kama inashika."

Nilitaka kumwambia aje Jumapili. Nikamtazama tena yale macho, nikaona Jumapili alale.

Jumamosi nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Saa tisa mchana simu ikalia.

"Niko na mashine, Bibi. Inasoma."

"Inasemaje?"

"Vishimo visivyo na dawa, giza."

"Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

Nilibana simu sikioni.

"Na vyenye dawa?"

"Giza pia."

Basi dawa yake haikuwa imeshika mahali popote. Kilichokuwa kikiwaka mwezi mzima ni mkono wangu. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Pole, mjukuu wangu."

"Si kosa lako," alisema, kabla sijataja sabuni. "Tunazo dawa nyingine kumi na nne za kujaribu. Kila moja Jumamosi yake."

Nilihesabu kwa vidole, vikaisha, nikaacha.

"Mashine imebakiza visahani viwili," alisema. "Dakika arobaini. Una kazi?"

"Sina."

"Basi usikate."

Niliweka simu mezani, nikaongeza sauti. Nilisikia mashine ikisogeza kisahani, ikituama, ikisogeza tena, na kalamu yake ikiandika. Mara moja aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Nikamuuliza na yeye, akasema naye amekula.