Mkurugenzi Ashusha Bei

Leonardi Magesa alikuwa na kiwanda. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na kibao kilichopigiliwa juu ya mlango kilimuunga mkono: KIWANDA CHA TAA MAGESA, MUSOMA. Ukiingia ndani ulikuta chumba kimoja, meza mbili, feni iliyogoma kuzunguka, na Rhobi, mwanamke wa makamo aliyeunga waya kwa risasi ya kuchomelea huku akisikiliza kwaya kwenye simu. Rhobi ndiye aliyekuwa wafanyakazi wote. Leonardi ndiye aliyekuwa uongozi wote. Uongozi ulikuwa na kiti chenye magurudumu, na gurudumu moja lilishakatika, kwa hiyo mkurugenzi alitawala akiwa ameinamia upande wa kushoto.

Walitengeneza taa za kuvulia dagaa. Zamani wavuvi walikuwa wakiwasha karabai, zikinywa mafuta kama mlevi wa sikukuu. Zikaja taa za LED, zinatumia betri na zinaelea juu ya maji, mvuvi anaziwasha, dagaa wanazikusanyikia. Leonardi alikuwa fundi redio, akaiona biashara hiyo mapema kuliko wenzake. Aliagiza vitaa na betri, akavifunga ndani ya mikebe ya plastiki, akaziba kwa gundi, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtumbwi ulioondoka mwalo wa Mwigobero bila taa yake. Akanunua suti. Kanisani Nyegina akahamia benchi la mbele. Mtu akimuuliza habari, hakujibu tena "nzuri", alijibu, "Uzalishaji unaendelea."

Kisha Bunda akatokea mtu anayeitwa Muzamil.

Leonardi hakuwahi kumwona. Alisikia tu kwamba ana duka karibu na stendi, kwamba naye anatengeneza taa, na kwamba anauza elfu thelathini na tatu wakati za Musoma ni elfu thelathini na tano. Mwenye busara angeuliza kwanza huyo mtu anawezaje. Leonardi hakuuliza. Alipanda juu ya kiti chake, akaandika ukutani kwa chaki: LEO ELFU THELATHINI NA MBILI.

"Bosi, na huyo akishusha?" Rhobi aliuliza.

"Tutashusha tena. Hii ni vita ya kibiashara, Rhobi. Anayeogopa hasara hawezi kuwa na kiwanda."

Rhobi alirudi kwenye risasi yake. Muzamil akashusha hadi thelathini. Leonardi akaandika ishirini na nane. Muzamil akaja na ishirini na sita.

Habari za Bunda alizipata kwa mteja wake mkubwa kuliko wote, mama mmoja mtulivu aitwaye Najat, aliyesema anapeleka taa visiwani. Huyo hakununua moja wala mbili. Alikuja na gari, akabeba kwa maboksi, akalipa hapohapo. Mteja wa namna hiyo Leonardi alimpigia bei ya jumla, chini kabisa ya ile ya ukutani, akamfungulia na soda. Najat alikuwa mwanamke pekee duniani aliyemwita Mkurugenzi bila kucheka.

"Mkurugenzi," alisema siku hiyo akipangusa mdomo wa chupa, "mimi sipendagi umbea. Lakini Bunda nimesikia ni ishirini na sita sasa."

"Ishirini na sita!" Leonardi alishika kichwa. Taa moja ilikuwa ikimgharimu ishirini na sita kuitengeneza, kabla hajamlipa Rhobi. "Huyo mtu anatoa wapi nguvu?"

"Mungu ndiye anajua," Najat alisema, akatazama chini. "Kwa hiyo kwangu utanifanyia ngapi?"

Akamfanyia ishirini na moja. Alipoondoka, Leonardi alisimama mlangoni akimpungia mkono, kifua mbele. Mauzo ya mwezi ule yalivunja rekodi. Ni pesa tu zilizokuwa hazionekani.

Hapo ndipo alipoanza kubana matumizi. Godoro jembamba alilokuwa akilikata vipande vya kushikiza betri zisichezecheze ndani ya mkebe lilimwishia, na pesa ya kununua jingine hakuwa nayo. Akafungua sanduku la mkewe Eufrasia, akatoa kitenge cha jubilei ya akina mama wa parokia, chenye maua ya zambarau na njiwa, akakikata vipande vidogo vidogo. Eufrasia alikitafuta Jumapili, asikione.

"Baba Fredy, kitenge changu cha jubilei kiko wapi?"

"Kimeingia kwenye uzalishaji," Leonardi alijibu.

Eufrasia alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku ile hata hayo machache alimnyima. Aliepua ugali, akamwekea mezani bila samaki.

Kitenge hakikutosha kuiokoa vita. Leonardi akapanda gari kwenda Butiama kwa kaka yake Matiko, aliyekuwa akimtunzia dume jekundu waliloachiwa na baba yao. Alivaa suti. Matiko alimkuta zizini, viatu vyeusi vimezama kwenye samadi.

"Nataka kumuuza yule dume, kaka."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Ni mtaji. Kuna mshindani Bunda anataka kunimaliza, nataka nishushe bei mpaka ashindwe yeye kwanza."

Matiko alilitazama dume, akamtazama mdogo wake, akalitazama tena dume kama anayepima ni nani kati ya hao wawili afadhali abaki.

"Ngoja nielewe," alisema. "Unauza ng'ombe ili uuze taa kwa hasara?"

"Kwa muda tu."

"Mimi nilikuwaga nadhani kiwanda ndicho kinanunua ng'ombe."

Leonardi alianza kumweleza mambo ya soko, lakini maneno yalimtoka kama nguo ya kuazima, hayamkai. Dume likauzwa mnadani. Pesa yake ikawa betri, betri zikawa taa, na taa zikaondoka na Najat kwa maboksi. Ukutani chaki ikasoma elfu ishirini na tano.

Kilichomvunja hatimaye hakikuwa bei. Alikuwa Mwigobero asubuhi moja akijaribu kumshawishi mvuvi wa Bukima, mtu mrefu anayeitwa Machage, aliyekuwa akianika dagaa.

"Zako nilizitumiaga," Machage alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba. "Siku hizi nachukua za Bunda. Usinichukie, mzee. Za Bunda zina mwanga mkali. Na hazipitishi maji. Za kwako, sijui, mnaharakishaga."

Kuzidiwa bei Leonardi alikuwa ameshazoea. Kuzidiwa ubora kulimchoma pahala ambapo suti haikufunika. Kabla ya kuwa mkurugenzi alikuwa fundi, na fundi alikuwa bado yumo humo ndani, amekaa kimya muda mrefu. Akaamua kwenda Bunda akainunue hiyo taa, aifungue, aone mwenzake anafanyaje.

Alikwenda kama mpelelezi. Alivaa kapelo ya Fredy, mwanawe aliyeko chuoni, na miwani ya jua iliyokosa mkono mmoja. Duka la Muzamil lilikuwa dogo, safi, limepangwa. Nyuma ya meza alikaa mwanamume mnene wa umri wake, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, anakunywa kahawa kwenye kikombe kidogo.

"Nataka taa ya dagaa," Leonardi alisema kwa sauti nzito isiyokuwa yake.

"Karibu, mzee wangu. Ishirini na nne."

Hata bei ya ukutani kwake ilikuwa imeshapitwa. Alilipa, akatoka karibu kukimbia, akaingia mgahawa wa jirani, akaagiza chai asiyoitaka, akachomoa bisibisi mfukoni. Karatasi ya nje iliandikwa MUZAMIL MWANGA BORA, na picha ya jua linalochomoza. Mkebe ulikuwa kama wake. Hilo halikumshangaza, mikebe inauzwa popote. Akakata gundi, akainua kifuniko.

Ndani, betri ilikuwa imeshikizwa vizuri kwa kipande cha kitenge. Maua ya zambarau. Njiwa nusu, mwenye bawa moja.

Leonardi akaikwangua ile karatasi ya jua kwa kucha, na chini yake, ikiwa imepauka kidogo, akasoma jina lake mwenyewe.

Mhudumu alileta chai, akaweka, akaondoka. Leonardi hakuiona. Alikuwa anapanga mambo kichwani, na kila alipolipanga moja jingine lilidondoka na kumpiga. Vile visiwa havikuwapo. Najat alikuwa akinunua kwake kwa ishirini na moja, taa zinauzwa hapa kwa ishirini na nne, halafu Najat huyohuyo anampelekea umbea wa bei ili yeye ashushe, na akishusha, Najat ananunua kwa bei nafuu zaidi. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa amempiga vita mtu mmoja tu, Leonardi Magesa, tena kwa dume la baba yake. Na alikuwa anashindwa.

Alirudi dukani na taa mkononi, kifuniko wazi. Najat alikuwa ametokea ndani na sinia la kashata. Alipomwona alisimama palepale.

"Salaam, Mkurugenzi," alisema polepole.

"Huyu ni mke wangu," Muzamil alisema, akimvutia Leonardi kiti. "Kaa, Bwana Magesa. Vua miwani, itakuangukia. Nilikujua tangu ulipoingia, Najat alishanieleza ulivyo, ila nilikuona umejitahidi sana, nikaona nisikuharibie."

"Umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Mke wangu alikulipa kila senti, tena bei ulipanga mwenyewe. Mimi nilikuwa natengeneza, Wallahi, pale nyuma meza yangu ipo mpaka leo. Najat alikuja kwako mara ya kwanza kuchungulia tu. Akarudi na bei yako ya jumla. Nikapiga hesabu, nikaona mimi nikitengeneza naingia gharama zaidi kuliko nikinunua kwako. Nikazima pasi ya kuchomelea. Nikasema huyu mzee wa Musoma ama ana mgodi wa dhahabu, ama ana wazimu. Vyovyote, sikutaka kumkatisha."

"Na karatasi? Jina langu je?"

Hapo Muzamil alishusha kikombe. "Hilo la karatasi halikuwa zuri. Najat alinikanya."

"Nilimkanya," Najat alisema. "Na mimi visiwa nilidanganya. Unisamehe, kaka. Soda zako zilikuwa zinanikwama."

Leonardi alitaka hasira ije, akaingoja, ikaja kidogo tu, ikakuta mahali pamejaa aibu, ikaondoka. Alijisikia akiuliza swali ambalo hakulipanga: "Wateja wanasemaje?"

"Juu ya taa? Wanazipenda. Wanasema kuliko za Musoma."

Kicheko kilimtoka Leonardi kama kikohozi. Najat naye akashindwa kujizuia, akageukia ukutani mabega yakimcheza. Muzamil akamwambia lililokuwa moyoni mwake siku nyingi: Leonardi atengeneze, apewe elfu thelathini kwa kila taa, yeye auze thelathini na sita, na bei isiguswe. Leonardi akasema atafikiria, maana mkurugenzi hakubali palepale, akapanda gari kurudi Musoma na taa yake iliyopasuliwa mapajani.

Eufrasia alisikiliza habari yote akichambua mchele. Leonardi alipofika penye njiwa wa bawa moja, mkewe aliacha ungo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. Kisha machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha, na Leonardi alijua hayo ni ya dume, ya kitenge, na ya mwaka mzima wa ugali mkavu.

"Baba Fredy," alisema mwishowe, "huyo mtu amefanya vibaya. Lakini anajua kuuza. Wewe unajua kutengeneza. Kuuza hujui."

"Mimi ni—"

"Hujui, mume wangu. Wewe mtu akikunja uso tu unampunguzia."

Walibishana na Muzamil wiki nzima kwa simu, na hawakubishania pesa bali jina. Mwisho karatasi ikawa na jua la Muzamil, na chini yake, kwa herufi ambazo mtu akisoma kwa mbali angeziona: Imetengenezwa na Magesa, Musoma. Wapo wavuvi waliolalamikia bei mpya wakakimbilia taa za bei rahisi zinazoletwa na malori, wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Maboksi yalipungua nusu. Rhobi alilipwa malimbikizo yake, akahesabu mara mbili bila kuamini, akauliza kama kuna mtu amekufa.

Mzigo wa kwanza Leonardi aliupeleka Bunda mwenyewe. Alikuwa amekaa pembeni dukani, anakunywa kahawa iliyomzidi uchungu, wakati mteja alipoingia, akaigeuza taa, akaiwasha, akaizima.

"Thelathini na sita?" Mteja akakunja uso. "Mbona kali hivyo?"

Muzamil alimimina kahawa taratibu. Kimya kikatanda, na ndani ya kimya kile Leonardi alihisi ulimi wake unawasha, mdomo unafunguka wenyewe, na ile elfu thelathini na mbili iko tayari mlangoni, imeshavaa viatu.

"Fundi," Muzamil alisema bila kugeuka, "hebu nenda nje kaniangalizie pikipiki yangu kama ipo."

Leonardi akatoka, akasimama juani, mikono mfukoni, akiitazama pikipiki iliyofungwa mnyororo kwenye nguzo. Alipoitwa ndani, mteja alikuwa anahesabu noti mezani, na anaulizia kama anaweza kupata ya pili.