Kinga ya Korona

Mwaka ule shamba la mkonge lilipouzwa kwa mtu binafsi, nusu ya wafanyakazi walipunguzwa, na waliobaki walijua wamebaki kwa bahati tu. Elineema alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye kiwanda cha shamba hilo, karibu na Kimamba. Sasa alikuwa mkuu wa zamu ya asubuhi. Hakuwa mtu wa kufoka wala kutukana, na watu walimheshimu kwa hilo.

Meneja mpya, Lupakisyo, alikuja na haraka nyingi. Siku moja alisimama mbele ya korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge ili zitoke singa, yaani nyuzi zake, akanyooshea kidole bamba la chuma lililokuwa mdomoni mwa mashine.

"Hili linawachelewesha. Majani yanakwama. Litoe."

"Hiyo ni kinga, bosi. Inazuia mikono isivutwe ndani."

"Mzee Elineema, mwenye shamba anataka tani zake. Akizikosa atafunga, na hawa wote watarudi nyumbani. Ndivyo unavyotaka?"

Elineema hakutaka hivyo. Alichukua spana, akafungua nati nne kwa mkono wake mwenyewe, akaliegemeza bamba ukutani. Alijiambia ni kwa wiki ile tu.

Wiki ya tatu korona ilimvuta mkono Mhoja, aliyekuwa akiilisha majani.

Mhoja alikuwa baba wa watoto wawili, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Kilosa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Elineema ndiye aliyekimbilia swichi. Ndiye aliyevua shati akamfunga nalo jeraha, akapanda naye nyuma ya pikapu hadi hospitali ya Kilosa. Mkono wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kiwiko.

Baada ya siku mbili meneja alimwita ofisini, akamsogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Iliandikwa kwamba Mhoja alikuja kazini amelewa, akaitoa kinga yeye mwenyewe.

"Mkaguzi wa kazi anakuja Alhamisi," Lupakisyo alisema. "Nahitaji sahihi yako tu."

"Mhoja hanywi pombe, bosi."

"Basi tuandike nini? Kinga uliitoa wewe, mzee. Mimi sikushika spana."

Elineema alijua hilo ni kweli. Aliomba apewe hadi kesho yake, akatoka, akapanda gari la Kilosa.

Alimkuta Mhoja ameketi kitandani, mkewe Kishiwa akimnywesha uji.

"Shikamoo, mzee," Mhoja alisema, akijaribu kujiinua.

"Marahaba. Usiinuke, kaa hivyo hivyo."

"Naomba unisamehe, mzee. Nimesimamisha kazi ya watu wote. Nafikiri nilizubaa. Usiku kucha najiuliza nilikuwa nawaza nini."

Elineema alikuja amejiandaa kulaumiwa. Hakujiandaa kuombwa msamaha.

"Hukuzubaa," alisema. "Ile kinga ingekuwepo, mkono wako usingefika ndani. Na niliyeitoa ni mimi."

Mhoja akageukia ukutani. Kishiwa aliweka kikombe chini.

"Ulijua itaumiza mtu?"

"Nilijua inaweza."

"Basi usituambie sisi peke yetu," Kishiwa alisema, na sauti yake haikupanda. "Sisi hapa tutalifanyia nini? Nenda kaseme kazini kwenu."

Karatasi ya meneja hakuitia sahihi. Alhamisi, mkaguzi alipowakusanya wafanyakazi uwanjani, penye nyaya za kuanikia singa, Elineema alipiga hatua mbele kabla hajaulizwa.

"Mhoja hakulewa na hakuitoa kinga. Meneja aliniagiza niitoe, nikaitoa. Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kuja kuwauliza ninyi mnaosimama pale kila siku. Sikufanya hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wenu."

Nyuma kule mtu alitema mate chini. Kisha Gaudiosa, mwanamke wa kuanika singa, akainua mkono. "Hata mimi nilimsikia meneja akiagiza." Akafuata mwingine, na mwingine.

Mkaguzi aliamuru korona isimame hadi kinga irudishwe, na akaandika kwamba Mhoja aliumia kazini, hivyo ana haki ya kufidiwa. Lupakisyo aliandikiwa barua ya onyo, akaendelea na umeneja wake. Elineema aliachishwa kazi mwisho wa mwezi. Mkewe, Perpetua, alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamkunjia nguo kwenye begi, aende kutafuta kazi kwingine. "Afadhali umesema," alimwambia. "Ila mimi ungeniambia kwanza."

Elineema alipitia Mikumi, akafika Ruhembe kwenye mashamba ya miwa, akapata kibarua cha kukata miwa pamoja na watu wenye nusu ya umri wake. Mara mbili alimwandikia Mhoja, na hakujibiwa. Hakumlaumu.

Msimu wa pili kundi lao lilitakiwa kuchagua msimamizi, na watu wakamtaja yeye. Waliona anajua kazi na ana subira. Elineema aliweka panga chini, akawaambia habari yote ya Kimamba, bila kuruka ile spana.

"Sasa mmenijua," alimalizia. "Kama bado mnanitaka, semeni."

Mama mmoja mkata miwa, Marciana, ndiye aliyeuliza. "Na wakubwa wakikubana tena vile vile, utafanya nini?"

"Ningependa kukuambia nitakataa," alisema Elineema. "Lakini hata mara ile, kabla hayajanikuta, ungeniuliza ningekujibu hivyo hivyo. Ninachoweza kuwaahidi ni kwamba sitaamua peke yangu. Nitakuja hapa niwaambie nimeambiwa nini, na aliyeniambia ni nani."

"Hilo linatutosha kuanzia," alisema Marciana, na wengine wakainua mikono.